Mianzi Kibete Katika Kibanja cha Mama

Watu wananiuliza kila siku mianzi kibete inatunzwaje, nami nawajibu harakaharaka kama mtu anayemalizia rozari: udongo usikauke, jua liwe la asubuhi tu, uikate chini kabisa mara moja kwa mwaka, na kila baada ya miaka miwili uitoe chunguni uigawe. Ukisahau hilo la mwisho, mizizi itakupasulia chungu, hata kiwe cha saruji. Halafu naongeza neno ambalo zamani nilikuwa siliongezi. Usiipande ardhini. Na mizizi unayoitoa usiitupe ovyo, ianike mpaka ikauke kabisa, kisha uichome moto. Mteja akishangaa kwa nini nimemkazia macho namna hiyo, namuuliza anataka ya chungu kikubwa au kidogo, yanaisha.

Lakini jibu ninalo, na ni refu. Kwa ajili ya mizizi hiyo, bibi mmoja wa Kishanda, ambaye ndiye aliyenipokea kwa mikono yake siku niliyozaliwa, aliitwa mchawi miezi minane. Mimi nilikuwa naujua ukweli tangu siku ya kwanza, na nilinyamaza.

Naitwa Edvina. Kibanda changu cha maua kipo Kibeta, hapa Bukoba, kando ya barabara. Nilirudi kutoka kwa mume miaka tisa iliyopita nikiwa na begi moja na hasira nyingi. Begi limeshachakaa, hasira bado ni nzima. Mdomo wangu hauna breki, hilo hata paroko analijua, alishaniambia niwe naungama kwa kifupi kidogo kwa sababu foleni ni ndefu. Ndiyo maana mpaka leo sijielewi. Mtu asiyeweza kunyamaza hata kanisani, niliwezaje kunyamaza kwa jambo lile?

Nyasi yenyewe ukiiona chunguni utaipenda tu. Inafika magotini, mabua membamba yenye vifundo, majani yana mistari myeupe. Si mwanzi wa kujengea wala wa kutengenezea ngazi. Ni nyasi iliyojifanya mwanzi, kama watu wengine ninaowafahamu wanaojifanya matajiri. Wenye nyumba mpya Kagondo wanaipanga barazani, hoteli wanaiweka mapokezi. Juu ni mpole kabisa. Chini, kwenye giza la chungu, ndiko ilikoficha tabia yake: mizizi minene kama vidole, ina pingili, na kila pingili ina jicho. Jicho likipata udongo na unyevu kidogo, linaota. Na Kagera unyevu hatuombi, tunapewa.

Sasa sikiliza lilivyoanza. Mama yangu, Ma Klaudia, alikuja kwangu kutibiwa macho, akakaa wiki tatu. Nampenda mama yangu, lakini kukaa naye wiki tatu ni kazi ya watakatifu. Kila asubuhi alikuwa anakaa dirishani anaangalia vyungu vyangu, anasikitika. "Tumekusomesha mpaka kidato cha nne, ukaja kupanda nyasi. Nyasi! Kwetu si zinakatwa bure huko rweya?" Rweya ndiyo nyika yetu iliyo wazi nje ya vibanja, yaani mashamba yetu ya migomba, wanakochunga na kukata nyasi. Nikimwambia, mae, hizi ni nyasi za urembo, ananiuliza zinapikwaje.

Siku ya kuondoka kwake nilikuwa nagawa vyungu arobaini vya hoteli moja. Nilikuwa nimechafuka mpaka kope. Akatokea mteja, mama mmoja mstaarabu sana, na mbele ya huyo mteja mama yangu akasema, kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe, kwamba mume wangu aliniacha kwa sababu ya mdomo. Jamani! Yule mteja alijifanya anaangalia waridi. 

Mteja alipoondoka, mama akauona mlima wa takataka kando ya uzio: majani niliyokata, na mizizi yote niliyoitoa vyunguni. Akashika kiuno. "Hizi nyasi zote unatupa?"

Lazima uwajue wanawake wa Kihaya ili umwelewe. Kwetu nyasi hazitupwi. Mwanamke anakwenda rweya na mundu, anakata, anafunga mzigo, anaupandisha kichwani, anakuja kuutandaza chini ya migomba ili udongo usikauke na magugu yasiote. Mgomba usiotandaziwa nyasi ni aibu ya mama mwenye nyumba, watu wakipita wanasema huyu amechoka au amevunjika moyo. Mama ana zaidi ya miaka sabini, rweya ni mbali, mgongo unamuuma. Na hapa aliona nyasi zimelala bure mjini. Akaomba magunia. Nikampa matatu. Akaanza kushindilia, majani na mizizi pamoja.

Neno lilinifika mdomoni. Haki ya Mungu lilifika. "Mae, hiyo mizizi itaota." Maneno manne. Lakini nikajisemea, si hutaki mdomo wangu? Basi leo utaukosa. Nikamsaidia hata kufunga magunia kamba na kumpakilia kwenye basi la Muleba. Akanishukuru, akanibariki. Hasira hasara, wanasema, ila hawakwambii hasara inakwenda kwa nani.

Ulipita mwaka na zaidi. Nikasahau, au nilijifanya nimesahau. Halafu Avit, mdogo wangu, ambaye ndiye mrithi wa baba na anaishi pale pale nyumbani Kishanda, akanipigia simu.

"Dada, kibanja kinakufa," akasema. "Kuna majani yametokea chini ya migomba, hatujawahi kuyaona. Ukiyang'oa leo, kesho yamerudi. Yameanzia mpakani kwa Ma Kokushubila. Watu wanasema amefukia kitu."

Nikamwomba picha. Ikaja. Yalikuwa yamekuwa marefu kuliko ya chunguni, na kwa kukaa kivulini chini ya migomba yamepoteza ile mistari myeupe, yamebaki kijani kitupu. Mtu mwingine asingeyatambua. Mimi niliyatambua kabla picha haijamaliza kufunguka. Nikakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Ma Kokushubila ni jirani yetu. Yeye na mama waliolewa kijijini pale ndani ya mwezi mmoja, mabinti wawili wasiomjua mtu, wakashikana. Watoto wa nyumba hii tulikula nyumba ile. Mama alipopata uchungu wangu, mvua ilikuwa imefunga njia, akanizalia mikononi mwa Ma Kokushubila. Kitu kimoja tu kiliwahi kuwagombanisha. Ng'ombe alivunja omulamula, ule mmea tunaoupanda kuonyesha mpaka wa kibanja na kibanja, na kila mmoja akaurudishia hatua moja kwa faida yake. Waligombana wiki nzima, kisha wakacheka wenyewe, wakaupanda katikati. Sisi tulisahau. Kijiji hakikusahau. Na kwa bahati mbaya mama alipokuja na magunia yake alianza kutandaza upande wa mpakani, kwa hiyo huko ndiko majani yalikochomoza kwanza. Watu wakaunganisha. Lisemwalo lipo, wakasema.

Utaniuliza, kwa nini hukusema siku ile ile? Nitakwambia, na sitajipamba. Kwetu binti aliyerudi kutoka kwa mume hana udongo wake. Akifa, watu wanaanza kuulizana wakamzike wapi. Mama alikuwa amehangaika miaka mitatu akimbembeleza Avit na wazee wa ukoo nikatiwe kipande, migomba ishirini hivi, karibu na kaburi la baba. Walikuwa wamekubali kwa mdomo, bado kuandikishana. Nilikitaka kipande kile kuliko kitu chochote duniani. Sasa fikiria nipige simu niseme: majani yanayoua kibanja cha ukoo ni ya kwangu, niliyaona yanaondoka, nikafunga na kamba. Avit alikuwa anatafuta sababu ndogo tu. Mimi nilikuwa na gunia zima la sababu, matatu hasa.

Basi nikawa nasema, nitasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika nasema, labda yatakufa yenyewe. Nikimpigia mama, nikianza tu kuuliza habari za kibanja, ananikata: "Wewe shughulika na maua yako, ya huku niachie." Nikashukuru moyoni kukatwa. Huku Ma Kokushubila akiendelea kuliwa na midomo ya watu. Jumuiya, ambayo husali kila wiki kwa zamu nyumba hadi nyumba, ikaanza kuiruka nyumba yake. Akimpelekea mtu ndizi za salamu, zinarudishwa. Wahuni wakampigia bati mawe. Avit alikuwa ananisimulia yote hayo kwenye simu, na mimi nasema "jamani, jamani," kama mtu asiyehusika.

Mpaka aliponiambia kikao kimeitishwa. Jumamosi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Buberwa. Watu wametia saini. Wanataka Ma Kokushubila aondoke Kishanda, mwanawe mkubwa aliyeko Geita aje amchukue. Kuondoka! Amemzika mume pale, na watoto wawili. Nilifunga kibanda Alhamisi asubuhi, nikapanda basi.

Bodaboda ya kutoka Muleba ilinishusha karibu na nyumba ya Ma Kokushubila, hapakuwa na njia nyingine. Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri, mistari ya ufagio inaonekana yote, maana hakuna aliyeukanyaga. Alikuwa mlangoni. Akanitambua kabla sijainamisha kichwa.

"Edvina? Umekuja mwanangu?"

"Nimekuja, Ma. Nitapita kukusalimu."

Nikaharakisha mwendo. Nilisikia nyuma yangu akisema, "Karibu, waitu," kwa lile neno letu la heshima, na kwa sauti ya mtu asiyetegemea kwamba nitapita.

Kibanja chetu sikukijua. Yesu na Maria! Nilikolelewa nikikimbia bila viatu, sasa huwezi kupitisha mguu. Majani yamesimama mpaka kiunoni, yamebanana, udongo umefura kwa mizizi. Migomba imekonda, mikungu midogo, ndizi zenyewe kama vidole vya mtoto mchanga. Mama alikuwa katikati yake ameinama na jembe, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikaanza kulia. Akaniambia nisilie, nishike jembe la pili.

Wakati wa kula Avit alizungumza peke yake. Amepanga maneno yote ya kusema kikaoni, mpaka mahali pa kukohoa. Mimi nilisema, je, kama si yeye? Avit akacheka. "Dada wa mjini! Sasa ni nani? Yametembea yenyewe kutoka wapi?" Nikamwangalia mama. Mama alikuwa anachambua mchuzi wa maharage kana kwamba umeingia mchanga. "Kuleni," akasema, "chakula kinapoa."

Ijumaa asubuhi tulikuwa wawili tena kibanjani. Nilikuwa sijalala. Nilichimba kidogo, nikang'oa kamba ndefu ya mizizi, pingili baada ya pingili, nikaishika mkononi, nikaona sina tena pa kujificha.

"Mae," nikasema. "Hii nyasi ni yangu. Ni yale magunia."

Hakusimamisha jembe. "Punguza sauti. Avit yuko nyuma ya nyumba."

Sikuelewa mara moja. Nilisimama pale na mizizi mkononi. Halafu nikaelewa.

"Unajua?"

"Nina macho, Edvina. Si uliyatibisha mwenyewe?"

"Tangu lini?"

"Tangu yalipochomoza. Nilikaa wiki tatu dirishani kwako nayatazama kila asubuhi, nisiyajue? Mistari imefutika, lakini shina ni lile lile."

"Sasa kwa nini Ma Kokushubila?"

"Mimi sikumtaja. Avit ndiye aliyemtaja."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Wewe ulisema?"

Hapo alinipata. Lakini mdomo wangu ulikuwa umefunguka baada ya miezi minane na haukuwa na nia ya kufungwa. Nikamwambia yule ni mwenzako. Yule ndiye aliyekushika uchungu wangu ulipokuja. Wanampigia bati mawe, mae, wewe unayasikia ukiwa kitandani mwako, unageuka upande wa pili! Aliacha jembe. Akakaa juu ya rundo la mizizi, akajifunika uso na ncha ya khanga.

"Unafikiri silii?" akasema. "Kila siku ya Mungu nalia. Lakini ningesema nini? Kwamba ni binti yangu aliyeua kibanja cha ukoo? Wangekupa udongo? Avit angekupa? Nitakufa kesho au kesho kutwa, nikuache unahangaika na maiti yako Kibeta kwenye chumba cha kupanga? Kokushubila ana vijana wanne, ana pa kwenda. Wewe una nani?" Akanishika mguu, mama yangu, akanishika kifundo cha mguu kama mtu anayeomba. "Kesho kaa kimya. Ataondoka, atalelewa vizuri huko Geita. Wiki ijayo ukoo unaandikishana. Damu ni nzito kuliko maji, Edvina."

Nilimwonea huruma. Na nilichukia. Nilichukia zaidi kwa sababu kwa dakika moja nzima nilifikiria kukubali. Kisha nikautoa mguu wangu mikononi mwake polepole, nikapita kwenye omulamula, nikaenda kwa jirani.

Ma Kokushubila alikuwa anageuza buni zake mkekani. Alishtuka kuona mtu uwanjani kwake, akajifuta mikono, akanitolea kigoda. Ndani nikaona sanduku limefungwa na mkoba umewekwa juu yake. Alikuwa ameshafungasha kabla hata ya kikao. Akaniletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyostahili mgeni, akazifuta vumbi moja moja kwa kidole. Nikazichukua, nikazishikilia tu.

Nikamwambia yote. Sikujipamba. Magunia, kamba, basi, picha kwenye simu, miezi minane. Nikamwambia kesho nitasimama mbele ya Mzee Buberwa na kijiji kizima, niyaseme haya haya.

Nilitegemea anitukane. Alicheka! Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nyasi! Kumbe ni nyasi za vyungu! Ee Bikira Maria, nyasi za vyungu!" Halafu kicheko kikageuka kilio, na akawa anayafanya yote mawili kwa pamoja. "Unajua nilianza kujichunguza? Mtu ukiambiwa sana unaanza kusadiki. Nilimwendea padre, nikamwambia, Baba, labda nina kitu kibaya ndani yangu ambacho mimi mwenyewe sikijui, kinatoka usiku kinakwenda kwa watu. Naogopa kulala. Kumbe nyasi!"

Nikapiga magoti. Akanikataza, akanivuta. Alikuwa na haraka, anatafuta kandambili zake.

"Inuka, inuka, twende kwa Klaudia. Twende sasa hivi tumwambie. Maskini wa Mungu, atakuwa ameteseka! Miaka hamsini mtu ni mwenzako, halafu unafikiri amekuroga. Mimi ningekufa. Mwenzangu alikuwa anaishije? Twende, mwanangu."

Sikuinuka.

"Twende basi."

 Nilitazama buni. Alikuwa ameshavaa kandambili moja. Akasimama hivyo, mguu mmoja umevaa na mmoja mtupu, akanitazama.

"Anajua," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu leo asubuhi. Ungekuwa uongo mdogo, wenye huruma, na pengine wanawake wale wangezeeka pamoja. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, na uso uliokuwa ukinitazama ndio wa kwanza kunitazama duniani. "Tangu mwanzo," nikasema.

Alikaa mlangoni. Alikaa kwa muda mrefu, kuku wakaanza kuchakura buni na hakuwafukuza.

"Angekuwa anaamini kweli, ningemsamehe," akasema. "Mtu akikuogopa unamwonea huruma, unangoja woga umtoke. Wote hawa wa kijijini nimeshawasamehe, wanaogopa, wafanyeje. Lakini Klaudia alikuwa haniogopi." Kisha akaniambia niende nikampumzishe mama yangu, jua ni kali na ana mgongo.

Jumamosi nilisema. Nilisimama mbele ya watu, mizizi nimeibeba kwenye beseni, pamoja na chungu kimoja nilichoagiza kwa jirani yangu wa Kibeta kikaja kwa basi ili wafananishe shina na shina. Wazee walikisogeza, wakashika, wakavunja pingili, wakatikisa vichwa. Mzee Buberwa aliniuliza mara tatu kama nina akili timamu. Avit alisimama, akasema kwa sauti kubwa kwamba habari ya migomba ishirini imekufa na asiisikie tena nyumbani kwake. Sawa. Nilijua. Iliuma kama nilivyojua itauma. Habari ya mama sikuitaja. Niliona hiyo si yangu kuisema, na Ma Kokushubila naye hakuitaja.

Watu waliona aibu sana, lazima niwasifu kwa hilo. Walipanga mstari kumwomba radhi, waliotia saini na waliorusha maneno. Wengine walilia. Naye alimpokea kila mmoja kwa mikono miwili, kwa Kihaya chetu, na salamu zote ndefu: umeamkaje, watoto je, mifugo je, mgongo wako je. Kijana mmoja akamtania, "Uliniroga nikafeli mtihani?" Akamjibu, "Wewe ulijiroga mwenyewe kwa uvivu," watu wakaangua kicheko. Ilikuwa kama mtu amefungua madirisha.

Mama yangu alikuwa wa mwisho. Alikuwa amesubiri hadi wote wapungue. Alisogea taratibu, mikono yote miwili ameitanguliza mbele, ameshafungua kinywa kulitaja jina walilokuwa wakiitana tangu ubinti.

Ma Kokushubila alimpa mkono mmoja.

"Hujambo, mama?" akamwambia kwa Kiswahili. "Habari za nyumbani?"

Wale wawili hawajawahi kusemeshana Kiswahili tangu waolewe. Kwa wazee wetu Kiswahili ni cha ofisini, cha daktari, cha mgeni aliyeshuka kwenye gari. Mama alitazama nyuma yake, kuona ni nani anayesalimiwa. Hapakuwa na mtu. Akakitafuta Kiswahili chake cha shida, na mkono wake bado umeshikwa akajibu, "Nzuri, mama. Sijui za kwako."

"Salama tu," akasema Ma Kokushubila, akamwachia mkono, akaenda nyumbani kwake.